Picha za angani hazikuanza na ndege

MHARIRI,

Nimesoma gazeti lako miaka na miaka bila kuandika hata mstari mmoja, lakini ile makala yenu ya Jumamosi kuhusu droni imenikaa kooni. Eti picha za kutoka juu zilianza Vita Kuu ya Kwanza, ndege zilipofungwa kamera! Nani kawaambia?

Nadar, Mfaransa aliyepiga picha akiwa kwenye puto mwaka 1858, tumwache. Arthur Batut, Mfaransa wa Labruguière, alipiga picha kwa tiara mwaka 1888, wakati ndege yenyewe haijaundwa. Alifunga kamera kwenye mti wa tiara, akawasha utambi, akairusha. Moto ukifika kwenye uzi, uzi unakatika, kamera inafyatuka, na kipande cha karatasi kinachomoka kumjulisha aliye chini kwamba tayari. Mwaka 1906, San Francisco ilipoteketea baada ya tetemeko, George Lawrence alipandisha kamera ya kilo zaidi ya 20 kwa tiara 17, futi 2,000 juu ya ghuba, akaifyatua kwa umeme uliopita kwenye kamba. Magofu ya mji yakaingia kwenye picha moja. Na msiseme hayo ni ya Ulaya na Marekani tu: kabla ya vita hiyo hiyo, Henry Wellcome alirusha tiara zenye kamera Jebel Moya, Sudan, alikokuwa akichimbua mambo ya kale.

Jumapili nilikuwa harusini kwa mpwa wangu. Kijana wa droni akakipaisha kidude chake juu ya turubai shehe akiwa katikati ya hotuba ya nikahi. Hotuba haikusikika, mapambo yakapeperuka hadi kwenye sinia la pilau. Nikamwambia kazi hiyo watu waliifanya kwa tiara, tena bila kelele. Akacheka: "Mzee, si mlikuwa mnapanda minazi?" Kisha akanitolea simu kunionyesha ushahidi. Makala yenu! Mbele ya wakwe!

Halafu chini ya picha zenu mnaandika "Picha: Mtandao". Huyo Mtandao ni nani, na mshahara wake anachukulia dirisha gani?

Ichapeni picha ya Lawrence kurasa mbili za katikati, mnapoweka mikeka ya kubeti, na jina lake chini. Mwandishi wenu aletwe Raskazone upepo wa kaskazi ukivuma, na chelewa na nakala ya makala yake, aunde tiara. Gundi ya ugali nitampa mimi.

Mwalimu mstaafu,
Tanga