Kaka Festo, ukuta umesimama

Kamwene Mama, kamwene wote hapo Mafinga. Shikamoo Mama, shikamoo kaka Festo. Sisi hatujambo, Neema kakua, baridi imeanza kuachia, kazi zipo tu zinaenda.

Meseji yenu ya kuomba milioni 3 na laki 2 za kupaua nyumba ya hapo niliiona tangu Jumanne. Sikujibu maana nilikuwa na hasira, na nyie mnanijua nikiwa na hasira. Leo najibu ila naanza na la kwangu.

Nimejenga nyumba. Sijajengewa, nimejenga kwa mikono yangu hii. Ni chumba kimoja nyuma ya nyumba yetu, futi 12 kwa 16, mbao tupu kuanzia sakafu mpaka kenchi, kibali ninacho na mkaguzi wa manispaa kapita kapima kasaini. Baba Neema alikuwa ananishikia upande wa pili wa mbao na jioni anapika. Picha nimemtumia Tumaini awaonyeshe, aanze na ile ya kona.

Mnakumbuka baba alivyokuwa anatafuta kona kwa kamba ya pembetatu, pande tatu, nne, tano, ndo kona inakaa mraba? Mi ndo nilikuwa nashika kigingi, darasa la nne hapo, kaka Festo wewe ulikuwa mpirani. Sasa 12 kwa 16 ni kitu kile kile mara nne, kwa hiyo mshazari, yaani kona mpaka kona ya mbele yake, lazima usome futi 20 kamili. Nilipopima mara ya kwanza mshazari mmoja ulizidi nusu inchi na mwingine ukapungua nusu inchi, maana yake fremu ya sakafu imeenda upande, kona hazijakaa mraba. Nikawa naigonga kwenye ile kona iliyozidi, nagonga napima, nagonga napima, mpaka futi kamba ikasoma 20 huku na 20 kule. Giza lilishaingia natumia tochi ya simu. Nikakaa pale pale juu ya boriti nikalia, nilitamani baba aone.

Huku Minnesota msingi nao si wa mchezo, mashimo ya nguzo yanashuka inchi 42, kwa sababu ardhi inaganda na maji yakiganda yanavimba yananyanyua nyumba nzima. Nimechimba tisa. Gumba nililolipiga nyundo lilishapona Mama, usisikilize maneno ya Tumaini.

Halafu mbao zao. Wanasema mbili kwa nne, ukipima unakuta inchi moja na nusu kwa tatu na nusu, nikajua nimepunjwa, kumbe ndo ilivyo ikishakaushwa na kupigwa randa. Lakini ni kavu, imenyooka, ukiilaza sakafuni haichezi. Nguzo za ukuta unazipanga kila inchi 16, katikati kwa katikati, maana plaiwudi ni futi 4 kwa 8 na kingo zake lazima ziangukie katikati ya nguzo upate pa kupiga msumari. Lenta, ile boriti ya juu ya dirisha, ni mbao mbili za mbili kwa nane zimebana plaiwudi ya nusu inchi, unene unakuwa sawasawa na ukuta, na chini yake kila upande kuna kinguzo kifupi kinachobeba. Ukuta wote unaungwa ukiwa umelala, halafu unanyanyuliwa mzima. Siku hiyo alikuja jirani yetu Msomali na wanae wawili, na dada mmoja wa Kongo tunayeingia naye zamu za usiku, tukahesabu moja mbili tatu ukuta wa futi 16 ukasimama, nikaweka pima maji, povu likakaa katikati. Nikapiga kelele mpaka majirani wakatoka nje.

Ila Mama, nilipokata mbao ya kwanza harufu ikanijia, harufu ya paini ile ile. Nikaona msitu wa Sao Hill asubuhi, ukungu, malori ya magogo, baba anarudi na mikono myeusi ya utomvu unamsogezea mafuta ya taa anawe. Siku hiyo sikukata tena nyingine.

Sasa tuongee. Sauti ya kikao cha ukoo nimetumiwa. Kaka Festo nimekusikia mwenyewe ukisema mwanamke hajengi anajengewa, na kwamba kiwanja cha baba kigawanywe kwa wanaume watatu, mi nina kwangu ughaibuni. Wajomba wakakaa kimya. Yani tofali za kuchoma za hiyo nyumba nimelipa mimi, saruji mimi, na sasa kupaua mimi, kwenye kugawana ndo sipo? Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema haki ya mwanamke kupata na kumiliki ardhi ni sawasawa na ya mwanaume, msimwambie mtu kwamba ni maneno ya Wazungu. Kaka mi nakuheshimu, ulinilipia nauli ya kwenda Iringa form one sijasahau, ndo maana imeniuma hivi.

Hela nitatuma kwa sababu Mama hawezi kukaa masika nyingine anavujiwa. Lakini atatumiwa Tumaini, na mbao msinunue mbichi kama zile za jiko. Mbao mbichi ikikaukia juu inajipinda, inasinyaa, misumari inalegea, kenchi zinainama, mmeona wenyewe bati zilivyofunuka. Tafuteni kavu zilizotiwa dawa, mnakaa jirani na msitu wa Sao Hill mtakosaje. Tumaini achukue moja moja aangalie kwa jicho kutoka kichwani kama baba, ikiwa na upinde airudishe. Na kikao kikae upya, jina langu liandikwe.

Chumba hiki ni chako Mama. Dirisha nimelielekeza jua linapotoka kama kwako. Bado sufi ya kuzuia baridi kwenye kuta na mlango, paspoti Tumaini aianze wiki hii.

Kaka Festo, ile timazi ya baba ya shaba, ya kupimia ukuta kama umesimama wima, iko kwako kwenye sanduku la vyuma. Ifunge vizuri umpe Mama aje nayo.

Wenu,
Mama Neema