Besi ya dukani haipimi spika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wanaonunua redio na spika za nyumbani. Ukiingia duka la Kariakoo, muuzaji anachomeka flashi yake, anaweka wimbo wenye mdundo wa kompyuta, vioo vya kabati vinatetema, mteja anatoa pesa. Spika zikifika nyumbani, msomaji wa taarifa ya habari anasikika kama yuko ndani ya pipa.

Mdundo wa kompyuta hauna asili unayoweza kuufananisha nayo. Spika ikiutia chumvi, utadhani ndivyo ulivyotengenezwa. Pimia sauti ambazo sikio linazijua bila umeme: mtu akiimba, kayamba, udi, dufu. Kaswida ya dufu inafaa sana. Pigo la katikati ya ngozi na la ukingoni ni sauti mbili tofauti, na kila moja inapaswa kukatika. Kwenye sabufa mbovu yote huwa "buu" moja inayoburuta mkia. Sikiliza pia waimbaji wa kiume: sauti zao zikitokea sakafuni kwenye sabufa badala ya spika ndogo, seti hiyo inaipa sabufa kazi isiyo yake.

Kwa besi, tafuta taarabu asilia yenye besi ile kubwa ya kusimama. Waya wake mnene hutoa hezi (mitetemo kwa sekunde) 41 hivi. Fuata noti zikipanda na kushuka. Uzito wake ukaribiane. Noti moja ikivuma kuliko wenzake, usiilaumu spika upesi. Chumba cha urefu wa mita 4 hukuza sauti za hezi 43 hivi, jirani kabisa na hizo 41 za waya mnene. Itoe sabufa kwenye kona, isogeze nusu mita kwa nusu mita, na kila mara rudi kwenye kiti chako usikilize. Usipime ukiwa umeiinamia.

Dansi la zamani la mono (njia moja ya sauti), lile la enzi za Radio Tanzania, wengi hulidharau. Kwa kukagua nyaya halina mpinzani. Spika zote mbili zinapewa kitu kilekile, kwa hiyo ukikaa umbali sawa na kila moja, mwimbaji asimame katikati. Sauti ikielea bila mahali na besi ikawa nyembamba, spika moja imefungwa kinyume: zima amplifaya, badilishana waya mwekundu na mweusi kwenye spika moja tu. Sauti ikilalia upande mmoja, badilishana nyaya za kulia na kushoto nyuma ya amplifaya. Hitilafu ikihamia spika ya pili, tatizo ni amplifaya au chanzo cha muziki. Ikibaki palepale, ni spika au waya wake.

Hata santuri alizorekodi Siti binti Saad huko Bombay mwaka 1928 zina kazi yao. Teknolojia ya wakati ule haikushika besi ya chini. Redio ikitoa mngurumo mzito hapo, inaongeza ya kwake.

Mafaili nayo yanadanganya. Wimbo uliobanwa tena na tena, au MP3 ya kilobiti 128, huyafanya matoazi na kayamba yachuruzike kama maji, na mteja anailaumu twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) bure. Tumia CD au faili la FLAC, lisilopoteza sauti. Ikishindikana, MP3 ya kilobiti 320.

Kabla ya kusikiliza, zima kitufe cha besi ya ziada, weka besi na trebo katikati. Unapolinganisha seti mbili, sawazisha ukubwa wa sauti, maana iliyo juu kidogo tu huonekana tamu zaidi, na wauzaji wanalijua hilo. Halafu punguza hadi kiwango cha maongezi: maneno ya wimbo yakipotea, seti hiyo itakuchosha.

Wenye maduka wanaokataa flashi ya mteja kwa hofu ya virusi wamruhusu basi achomeke simu yake kwa waya. Kaswida moja, taarabu moja na dansi moja la mono havizidi nusu saa.

Fundi redio,
Tanga.