Anayeuliza ndiye achague programu ya kuulizia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye biashara wanaofikiria kununua programu ya kuvuta taarifa kutoka kwenye hifadhidata. Mimi ni mhasibu wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza, tuna tawi Geita na Sengerema. Kompyuta sijaisomea.

Zamani kila nilipotaka kujua jambo nilimwomba kijana wetu wa IT, naye akaandika SQL, yaani lugha ya kuiuliza hifadhidata, na kunitumia faili la Excel. Naomba Jumatatu, napata Alhamisi, bei ya nondo imeshabadilika. Uongozi ukaamua tuwe na programu ambayo kila mtu atauliza mwenyewe. Muuzaji akaja na kompyuta yake, data zake na michoro yake ya rangi. Tukalipa leseni kwa dola, kwa kila mtumiaji, mwaka mzima. Dada wa mauzo wa Geita, ambaye ndiye angeitumia kutwa, hakuulizwa na mtu.

Wiki ya tatu akanipigia simu. Programu ilimwonyesha kwamba mkandarasi mmoja amenunua mali ya shilingi 12,600,000 mwezi ule, leja yake ikasema 4,200,000. Leja ndiyo ilikuwa sahihi. Mkandarasi alikuwa na ankara moja tu, akailipa kwa awamu tatu. Jedwali la ankara lilipounganishwa na la malipo, ankara ile ilijirudia mistari mitatu, kila mstari ukibeba kiasi kizima, na jumla ikahesabu yote. Kwenye kioo hapakuwa na dalili yoyote ya kosa. Usiku ule sikulala, nikiwaza ni wateja wangapi tumewapa mali kwa mkopo kwa kuamini takwimu za namna hiyo.

Nawasihi: kabla ya kulipa, mkalisheni atakayeitumia mbele ya programu, kwa data yenu wenyewe, na maswali matano ambayo majibu yake yako tayari kwenye daftari. Swali moja liwe la ankara iliyolipwa kwa awamu, jingine la mali iliyorudishwa. Msimsaidie. Akikwama, mmeshajua.

Sisi mara ya pili tulifanya hivyo tukachukua Metabase, ambayo toleo lake la msingi halina ada ya leseni. Unachagua jedwali, unachuja, unajumlisha, bila kuandika SQL. Lakini nayo ingerudia kosa lile lile kama tungeiachia majedwali yalivyo. Kilichotuokoa ni wiki mbili za kukaa na kijana wa IT tukikubaliana maana ya maneno. "Mauzo" ni pamoja na VAT ya asilimia 18 au kabla yake? Ankara iliyofutwa inahesabiwa? Safu iliyoitwa "st", yenye namba 1, 2 na 9, tukaipa jina la Hali ya Ankara na maelezo yake. Kisha akatutengenezea jedwali moja safi: ankara moja, mstari mmoja, malipo yameshajumlishwa.

Siku hizi wauzaji wanasema utaandika swali kwa maneno ya kawaida, akili mnemba itakuandikia SQL. Nimeijaribu, inasaidia. Ila haijui kwamba kwetu 9 ni ankara iliyofutwa mpaka iambiwe.

Ulinzi nao usiachwe. Programu ipewe akaunti ya kusoma tu, isome nakala na siyo hifadhidata inayoendesha kaunta; makeshia wetu waliwahi kukwama saa sita mchana kwa sababu mtu alivuta mauzo ya miaka sita kwa mpigo. Namba za simu za wateja zifichwe kwa asiyezihitaji, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatuhusu hata sisi wa madukani. Na programu isiyolipiwa inataka mtu wa kuisasisha: Julai 2023 Metabase ilitoa marekebisho ya dharura ya tundu lililomruhusu mvamizi kuendesha amri kwenye seva bila nywila. Ambaye hakusasisha alibaki wazi.

Wauzaji mnaokuja kwetu, michoro yenu iacheni ofisini. Dada wa Geita ameshaandika maswali yake matano, na la kwanza ni la yule mkandarasi.

Mhasibu,
Mwanza