Mpwa wangu, usianzie na kitabu cha kwanza

Mpwa wangu,

Ujumbe wako nimeupata, pamoja na picha ya ile orodha ndefu ya vitabu vya Discworld, mfululizo wa hadithi za kuchekesha za Mwingereza Terry Pratchett, na swali lako: naanzia wapi? Nakujibu hapa hadharani kwa sababu wapo wengine wawili watatu walioniuliza hilohilo, na uvivu wa mjomba wako unaujua.

Nisipokuzuia najua utakachofanya. Wewe ni mwalimu, kwako mada ya kwanza ni ya kwanza. Utatafuta The Colour of Magic cha mwaka 1983 kwa kuwa kina namba moja, utakisoma kwenye basi la kwenda Nachingwea, na kabla hujafika Mnazi Mmoja ya Lindi utakuwa umeshakata shauri kwamba Waingereza hawajui kuchekesha. Mfululizo huu wa Discworld una riwaya 41. Hazikai kwenye foleni. Nyingi zinajitegemea, na zile zinazofuatana zinafuatana kwa makundi, kila kundi na watu wake.

Hicho cha kwanza si kibaya. Yumo Twoflower, mtalii wa kwanza kabisa kuonekana katika dunia hiyo, karani wa bima anayeshuka kwenye mji mchafu wa Ankh-Morpork na dhahabu mfukoni, sanduku linalotembea lenyewe kwa mamia ya vijiguu, na kamera ambayo ndani yake amekaa kijishetani anayechora picha kwa brashi. Sisi tuliokulia Mikindani, tukiwaangalia wageni wanavyopiga picha kuta ambazo wenyewe tunaona aibu nazo, mtu huyo tunamjua. Lakini kitabu kizima kiliandikwa kuwaigiza watunzi wa hadithi za mapanga na uchawi waliokuwa wakisomwa sana Uingereza na Marekani kabla yake. Hao hujawasoma. Kuigizwa kwa mtu usiyemjua hakuchekeshi, hata mwigizaji awe hodari vipi. Halafu kinakatika: mwishoni watu wako wanadondoka ukingoni mwa dunia, kwa maana hiyohiyo ya kudondoka, na kujua yaliyowapata inabidi utafute cha pili, ambacho msomaji wa wakati ule alikisubiri mpaka 1986.

Ndiyo, nimesema ukingoni mwa dunia. Dunia yenyewe ni bapa, imebebwa na tembo wanne, na tembo wamesimama juu ya gamba la kasa mkubwa anayeogelea angani. Wapo wasomaji wanaotaka waelezwe hilo kwanza, taratibu, kabla ya kitu kingine. Wewe huhitaji. Umekua ukiviona vinyago vya ujamaa vya Wamakonde, mtu juu ya mtu juu ya mtu kwenye gogo moja la mpingo, na hujawahi kuuliza wa chini kabisa amesimama juu ya nini. Basi kichukulie hiki nacho ni kinyago cha ujamaa, tuendelee.

Anza na Mort.

Kilitoka 1987 na ni cha nne kwa hesabu ya orodha yako. Kijana Mort hafai kwa kazi za shamba la baba yake; anawaza mno, na mwili wake ni kama umejaa magoti matupu. Baba anampeleka kwenye soko ambako mafundi huja kuchagua vijana wa kuwafundisha kazi. Wenzake wanachukuliwa mmoja mmoja. Yeye anabaki amesimama kwenye baridi mpaka saa sita ya usiku, na ndipo anapofika fundi wa mwisho, juu ya farasi mweupe. Fundi huyo ni Mauti. Mauti mwenyewe: mifupa, joho jeusi, mundu mrefu begani. Anatafuta mwanagenzi.

Nakuchagulia hiki kwa sababu ya utani. Hebu kumbuka misiba ya kwetu. Watani wanaingia, wanamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, alivyokuwa akiwakimbia wadai, wanazuia shughuli mpaka wapewe chochote, na mama yako analia na kucheka kwa wakati mmoja. Hakuna anayesema marehemu amevunjiwa heshima. Msiba usio na watani ndio unaotutia shaka. Sasa huyu Pratchett, mtu wa Buckinghamshire ambaye sidhani kama kuna aliyemweleza habari za watani, anakaa na Mauti namna hiyohiyo. Anamtania bila kumdharau. Mauti wake si mkatili. Ni mtumishi mwenye kazi nyingi, anayezungumza kwa HERUFI KUBWA tupu, anayependa paka, na asiyeelewa kabisa binadamu wanafurahia nini. Basi anamwachia kijana zamu na kwenda kujaribu starehe mwenyewe. Anajaribu kunywa, anajaribu kuvua samaki, na anapopata raha ya kweli ni jikoni, ameajiriwa kukaanga vyakula kwenye mkahawa. Huku nyuma Mort anapewa jina la binti mfalme ambaye saa yake ya kufa imefika, na moyo unakataa. Anamwacha hai. Matokeo yake siyasemi, ila ujue kwamba mwandishi halifanyi jambo hilo kuwa dogo. Kifo kinabaki kifo. Ndiyo sababu utani wake unaniingia.

Isitoshe ni kifupi, kina fundo moja, na hakikutaki ukumbuke mtu yeyote kutoka kitabu kingine. Kama vingi vya mwanzo, hakina sura; maandishi yanatiririka tu, kwa hiyo ukianza usiku ukidhani utaishia "mwisho wa sura", asubuhi wanafunzi wako wataliona jicho. Na usiruke tanbihi zilizoko chini ya kurasa. Najua shuleni tulizoea kuziruka. Humu nusu ya vichekesho imewekwa huko.

Utasikia wengine wakikwambia anza na Guards! Guards! cha 1989, na hawakosei. Hapo ndipo linapoanza kundi la askari wa mji, na kapteni wao Sam Vimes tunamkuta amelewa chakari mtaroni. Ninachokuogopeshea ni wingi wa watu na vyama vya siri ndani yake. Kisome cha pili. Kisha Men at Arms cha 1993, ambamo Vimes anawaza kuhusu buti. Jozi nzuri ya ngozi ni dola 50 na itamfaa mtu miaka kumi. Yeye analipwa dola 38 kwa mwezi, kwa hiyo ananunua za dola kumi, zinatoboka baada ya msimu mmoja au miwili, ananunua tena. Katika miaka hiyohiyo kumi maskini ametumia dola 100 na bado miguu yake inalowa. Nilipofika hapo niliviangalia viatu vyangu vya mnadani, nikaviangalia tena. Wachumi wanaandika kurasa kwa kurasa kufikia hapo alipofika yeye kwa jozi mbili za buti.

Kundi hilo la askari ndilo peke yake ninalokusihi ulifuate kwa mpangilio. Watu wanapanda vyeo, wanaoa, wanazaa. Utashawishika kurukia Night Watch cha 2002 kwa sababu kila mtu anakisifu. Subiri. Sifa zake zote zinategemea uwe umemfahamu Vimes muda mrefu.

Kwa kuwa unaishi Nachingwea nakuongezea mlango mwingine: Going Postal cha 2004. Tapeli aliyehukumiwa kunyongwa anapewa kazi ya kuifufua posta ya mji, jengo lililofurika barua ambazo hazikuwahi kupelekwa. Pratchett alianza kazi kwenye gazeti la mkoani akiwa kijana, baadaye akawa msemaji wa shirika la umeme upande wa vinu vya nyuklia, kwa hiyo upuuzi wa ofisi anauandika kama mtu aliyeula mshahara wake. Na wewe unatembea kila siku juu ya upuuzi wa namna hiyo: mwaka 1947 Waingereza walianza kutupandisha karanga, vifaru vya vita vikageuzwa matrekta, bandari ikajengwa Mtwara na reli ikavutwa mpaka kwenu, mwaka 1951 mpango ukazikwa, na hatimaye reli nayo ikang'olewa. Mambo hayo angeyaandika yeye tungesema amezidisha.

Mengine kwa ufupi. Small Gods cha 1992 kinajitegemea kabisa, na pengine ndicho ninachokipenda kupita vyote: mungu aliyebaki na muumini mmoja tu wa kweli amenaswa ndani ya mwili wa kobe. Usikiache mezani siku bibi akija. Ukitaka kitu cha kuwasomea wanafunzi wako, chukua The Wee Free Men cha 2003, cha msichana wa miaka tisa anayemkabili malkia wa mazimwi kwa kikaango. Wachawi wazee nao wana kundi lao, anzia Wyrd Sisters. The Shepherd's Crown kiache cha mwisho kabisa. Kilitoka 2015, miezi michache baada ya mwandishi kufariki Machi mwaka huo. Alikuwa ametangaza mwaka 2007 kwamba anaugua aina ya Alzheimer, ugonjwa unaodhoofisha ubongo, na aliendelea kutunga kwa kuimla kompyuta maneno pale vidole vilipogoma. Miswada aliyoiacha haitatoka: mwaka 2017, kwa wosia wake, diski iliyoihifadhi ilipondwa na shindilia la mvuke. Kwa hiyo orodha yako haitarefuka, punguza wasiwasi.

Mort chenyewe namkabidhi kondakta wa basi Ijumaa, kimefungwa kwenye gazeti, jina lako juu. Ukimaliza nipigie. Ukiniambia ulicheka zaidi Mauti alipokuwa jikoni, nakutumia Reaper Man, kingine cha Mauti. Ukiniambia ulivutiwa na mji wenyewe na vurugu zake, nakutumia Guards! Guards!. Ukiniambia hukucheka popote, tutaongea bei ya korosho.

Mjomba wako,
Mikindani