Mtu akianguka ghafla msimwangalie tu

Mhariri, mtu akidondoka ghafla akafa utasikia "ni presha hiyo", kumbe mara nyingi umeme wa moyo ndo umevurugika, moyo unatetemeka tu hausukumi damu. Kinachoniudhi ni watu kumzunguka na kumpepea, eti bado anakoroma kwa hiyo anapumua, hapana jamani, kama haamki na anavuta pumzi moja moja tu hivyo pigeni simu ya dharura halafu mkandamizeni katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kibonyee kama sentimita 5. Christian Eriksen, mchezaji soka wa Denmark, aliokolewa hivyo uwanjani 2021, pamoja na mashine ya kushtua moyo. Na wewe unayezimia ukikimbia, au kwenu kuna ndugu kafa ghafla bado kijana, kapime umeme wa moyo, usisingizie uchovu.