Afande Kamanda wa Trafiki, mwanangu anakunywa na anataka leseni

Shikamoo Afande. Mimi ni mama wa hapa Moshi, nauza ndizi na maparachichi soko la Mbuyuni, nina watoto watatu na huyu ninayekuandikia habari zake ndo wa kwanza, ametimiza miaka 18 mwezi wa nane. Nakuandikia wewe kama Kamanda wa Kikosi cha Usalama Barabarani nchi nzima kwa sababu hapa mkoani kila niliyemuuliza ananijibu mama huyo ni mtu mzima sasa, ana haki ya leseni yake.

Mwanangu anakunywa. Nalisema wazi maana kulificha hakujanisaidia. Alianza ana 16, kwanza mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenye misiba na harusi, na huku kwetu mtoto kuonjeshwa mbege kwenye kata ya babu yake hakuna anayeona ni kosa, alafu ikaja bia, sasa hivi ni vile vichupa vidogo vya pombe kali. Tulifurahi sana serikali ilipopiga marufuku viroba, ile pombe kali ya vifuko vya plastiki, Machi 2017, mimi nilishangilia kabisa, lakini grosari ya mtaani kwetu mtoto akitoa hela anapewa kichupa na hakuna anayemuuliza umri, wakati Sheria ya Mtoto ya 2009 imekataza kumuuzia pombe mtu wa chini ya miaka 18.

Sasa nikwambie cha Krismasi iliyopita. Unatujua Wachaga Desemba, kila mtu anapanda nyumbani, magari kutoka Dar yamejaa mpaka kwenye vihamba, mashamba yetu ya migomba. Mjomba wake alikuja na gari, Noah. Usiku kama saa tatu tunatoka kwa shangazi, wanaume wote wameshalewa, mjomba akamrushia dogo funguo akasema wewe endesha sisi tumekunywa. Dogo alikuwa na lena tu, leseni ya kujifunzia, hajamaliza hata wiki mbili za mafunzo. Na mimi nikapanda Afande, hilo ndo linaniuma, nikapanda na mama mkwe wangu nikamweka siti ya kati na fimbo yake, maana niliamini yeye ndo mzima kuliko wote. Ile kona ya kushuka gari haikukata, ikaenda taratibu kabisa ikalalia mfongo, mfereji wa maji ya shamba, gurudumu la kushoto likabaki linazunguka hewani. Hakuna aliyeumia. Bibi aligonga paji la uso kidogo tu. Nilipofungua mlango wa dereva nikasikia harufu, bigijii ya kutafuna na pombe kwa pamoja, na chini ya siti kichupa kimelala kitupu. Wajomba wanacheka, wanasema basi leo kijana ameshakuwa dereva.

Nimeifikiria sana ile safari. Kwenye familia zetu nyingi dereva wa kurudi usiku anakuwa yule mdogo kabisa, ndo anayehesabiwa kwamba hajalewa, wakati yeye ndo ana uzoefu mdogo kuliko wote na amekunywa kwa siri kwa hiyo hawezi kusema hapana mimi siendeshi. Mtu mzima atasema nimekunywa nisubirini. Mtoto hawezi kulisema mbele ya baba yake.

Chuo cha udereva alichosoma (sitakitaja) mwalimu ananiambia mama huyu dogo gia anazijua kuliko wenzake wote, wiki ijayo apelekwe kwa vehiko, yule askari anayetahini madereva. Nikamwambia asubuhi nyingine anakuja kwako bado ananuka, akasema mama hayo ni ya nyumbani, sisi tunafundisha gari. Na ni kweli, sijaona hatua hata moja ambapo mtu anaulizwa habari ya pombe. Macho yanapimwa, alama za barabarani anaulizwa, parking anafanya, basi.

Mume wangu ana mawazo yake na siyapuuzi. Anasema mpe leseni, akiwa nayo ataogopa kunyang'anywa, bila leseni ataendesha bodaboda ya rafiki yake bila hofu yoyote. Kuna ukweli pale. Mtoto wa jirani yangu alikuwa hana leseni, na hilo halikumzuia kupanda pikipiki usiku amelewa, nilimtembelea wodini mguu umetobolewa vyuma. Kwa hiyo siombi mwanangu anyimwe maisha, udereva ni kazi na yeye anaitaka kwa moyo wote, sijawahi kumwona akitamani kitu kama hicho. Ndo maana nataka leseni iwe na masharti.

Dada yangu anaishi Ujerumani, kule tangu 2007 dereva aliye kwenye miaka 2 ya majaribio au wa chini ya miaka 21 haruhusiwi kuendesha akiwa na pombe kabisa. Marekani nako wa chini ya 21 ana kiwango chake, hakizidi robo ya cha wakubwa. Shirika la Afya Duniani linashauri miligramu 50 kwenye mililita 100 za damu kwa madereva wote na 20 kwa wapya. Sheria yetu ya 1973 iliweka 80, dereva mwenye miaka ishirini barabarani na mwanangu aliyeanza jana wakawekwa kapu moja. Hivi Afande hiyo inaingia akilini? Chupa moja kwa mtu ambaye bado anaitafuta klachi kwa macho sio sawa na chupa moja kwa mzoefu.

Naomba mpeleke hoja ya leseni ya majaribio, miaka miwili, pombe sifuri, akikamatwa mara moja inarudi kwenu. Naomba vile vipimo vya kupuliza mnavyowapima navyo madereva wa mabasi alfajiri stendi, Desemba mje navyo na huku juu, Marangu, Kilema, Kibosho, usiku, sio barabara kuu peke yake. Na mzazi akija na taarifa kama yangu asikilizwe kabla ya mtihani.

Hela ya leseni, elfu sabini, ipo kwangu, nimeifunga kwenye khanga. Dogo ameniambia nisipompa kuna kishoka, dalali wa njia za panya, atamtengenezea bila hata kwenda kwa vehiko. Nimemwambia akae miezi sita bila pombe, mimi mwenyewe nitampeleka kwenye mtihani. Leo ni wiki ya tano. Juzi Jumamosi alirudi saa mbili, akanipumulia usoni bila kuambiwa, alikuwa ananuka maharage tu.

Mama wa Mbuyuni, Moshi