Barua kwa mwanangu: usiku wa zamu ya maji

Marangu, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mama yako hajambo, mguu umeanza kumwachia. Ng'ombe alizaa Jumatano, ndama jike, na tayari anasumbua. Naandika kwa mkono kwa sababu mambo haya siwezi kuyasema kwenye simu huku nasikia mashine yako ya kunyolea na wateja wakibishana mpira. Dada yako ataipiga picha karatasi hii akutumie.

Jumapili iliyopita uliniambia kwamba kikundi chenu cha maombi hapo Sakina, Arusha, kilikupa zamu ya kuongoza. Ukaanza, na katikati ukajisikia unaongea kwa sauti ambayo si yako. "Baba, nilikuwa naigiza," ndivyo ulivyosema. Halafu mwenzako mmoja akakuambia maombi yako hayana moto. Tangu siku hiyo husali kabisa, kwa kuogopa kumdanganya Mungu. Mimi nikakujibu harakaharaka kwamba uendelee tu, utazoea. Nisamehe, baba. Lile halikuwa jibu. Wiki nzima nimetembea na swali lako shambani, na nimeona nikueleze ukweli: sauti uliyokuwa unaiigiza naijua inakotoka. Ni yangu.

Umekua ukiisikia. Nimekuwa mzee wa kanisa miaka 19, na kila palipokuwa na msiba, kipaimara au harusi, niliitwa mimi kuomba. Nilikuwa na mwanzo wangu, "Ee Bwana Mungu wa majeshi, Mfalme wa wafalme, Simba wa kabila la Yuda," na nikifika hapo watu wameshatulia. Sitasema yote yalikuwa uongo. Wako wajane waliofarijika, nami nilikuwa nawahurumia kweli. Lakini nilifika mahali nikawa najua ni neno gani litaleta "Amina" kubwa, nikawa nalielekea hilo neno. Nilikuwa nasema na Mungu huku sikio langu liko kwa watu.

Na miaka hiyohiyo ndiyo miaka ambayo sikuwa nasemezana na baba yako mkubwa. Wewe ulikuwa darasa la tano, utakumbuka mlivyokatazwa kupita njia ya kwake kwenda shule, mkazungukia juu kwenye tope. Ugomvi ulikuwa wa mpaka, kama ugomvi mwingi wa huku kwetu. Kihamba, shamba la ukoo alilotuachia babu yako, kiligawanywa kwa masale, ile mimea tunayopanda kuwa mpaka, na mstari wa masale ukaja kubishaniwa. Hatua tatu tu, na ndani yake miti michache ya kahawa na migomba minne. Miaka minne mizima. Kila wiki naongoza jumuiya, namaliza kwa Sala ya Bwana, na waliokaa kwenye viti wote wanajua kwamba ndugu yangu yuko ng'ambo ya ua na hatusalimiani. Hakuna aliyethubutu kuniambia.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijawahi kumsimulia mtu isipokuwa mama yako.

Ulikuwa mwaka wa kiangazi kikali, maji ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, yakawa ya kugawana kwa saa. Zamu yetu ikaangukia saa nane usiku. Nikaenda na jembe na tochi, nikakaa juu ya jiwe kusubiri wa juu wafunge ili maji yashuke. Nikazima tochi kuokoa betri. Nikasema, ngoja nisali. Nikaanza kama kawaida yangu: "Ee Bwana Mungu wa majeshi, Mfalme wa wafalme..." Hakuna aliyeitikia. Palikuwa na giza, migomba, na mimi. Kwa mara ya kwanza nikajisikia mwenyewe, nikasikia mtu anahutubia migomba saa nane za usiku. Nikanyamaza.

Nilikaa kimya muda mrefu. Kisha yakanitoka maneno kwa Kichaga, ambako Mungu tunamwita Ruwa, kwa sauti ya chini: Ruwa, namchukia kaka yangu. Sitaki kumsamehe. Nataka aje mwenyewe kwangu apige magoti.

Nilitetemeka nilipoyasikia. Mzee wa kanisa anasema hivyo kwa Mungu! Nilitegemea labda nitaadhibiwa, au nitalia, au moyo utakuwa mwepesi kama wanavyosimulia watu kwenye ushuhuda. Hakuna kilichotokea. Hata maji yalikuwa hayajafika. Ila nilijua, kama ninavyojua jina lako, kwamba hiyo ndiyo ilikuwa sala yangu ya kwanza kwa miaka mingi.

Na nilipoendelea kukaa pale, likapanda jambo jingine ambalo sikuliita. Yale masale mawili ya upande wa chini, mimi ndiye niliyeyang'oa kwanza. Jioni moja, kabla ndugu yangu hajagusa ya kwake. Nilikuwa nalijua siku zote, mwanangu. Sikulisahau hata siku moja. Lakini katika maombi yangu yote yale marefu halikupata upenyo, kwa sababu maneno yalikuwa yamejaa hadi mlangoni.

Usidhani niliamka asubuhi mtu mpya. Ulipita zaidi ya mwaka. Sala yangu ya miezi ile ilikuwa fupi: Sitaki kumsamehe, nipe kutaka. Nikisali Sala ya Bwana peke yangu, nikifika "Utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu," nilikuwa nasimama. Katika Mathayo limeandikwa deni, nami ni mtu wa vikoba, deni nalijua. Nilikuwa naona nikiendelea na mstari ule nitakuwa najisomea hukumu, nikawa naiacha sala palepale bila kuimaliza, nakwenda kukata majani ya ng'ombe. Kuna siku nilidhani huo ni uasi. Sasa naona zile sala zilizokatikia njiani zilikuwa na ukweli kuliko nyingi nilizozimaliza kwa sauti nzuri.

Mwisho nilikata isale, jani la mmea uleule wa mpaka, nikaenda kwake asubuhi kabla ya chai. Unajua huku kwetu mtu akikuletea isale kuomba msamaha si jambo la kukataa hivi hivi. Nikamwambia kaka yangu kwamba mimi ndiye niliyeanza kung'oa. Alilishika lile jani akalitazama, hakusema kitu muda mrefu, akamwita mke wake alete kiti. Mengine unayajua, maana mchana ule mlipita njia yake mkitoka shule.

Kwa hiyo unaposema unaogopa kusali kwa sababu utakuwa unaigiza, nakuambia anzia hapohapo. Mwambie, "Baba, nilikuwa naigiza." Hiyo ni sala tayari, na ni ya kweli. Yule mtoza ushuru katika Luka 18 hakuwa na zaidi ya hapo: "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi." Basi, akashuka kwenda nyumbani amehesabiwa haki, wakati mwenzake Farisayo alikuwa ametoa maombi yaliyopangika vizuri kuliko yangu ya msibani.

Juu ya moto na sauti, usimhukumu mwenzako anayepaza sauti. Bartimayo, yule kipofu wa Yeriko, alipiga kelele mpaka watu wakamkemea, naye akazidi. Naye Hana, mama yake Samweli, alisali hekaluni midomo ikitikisika tu bila sauti, hata kuhani Eli akadhani amelewa. Wote wawili walisikiwa. Na mtazame Bartimayo alipofikishwa mbele ya Yesu. Aliulizwa, "Wataka nikufanyie nini?" Akajibu, "Mwalimu wangu, nataka nipate kuona." Hakuzunguka. Sisi wengi tukiulizwa swali hilo tungeanza kwanza na sifa, kwa sababu hatujakaa chini kujua tunataka nini.

Na usifikiri lazima utake vitu vitakatifu tu. Bwana Yesu mwenyewe pale Gethsemane alianza na kile alichokitaka, "uniondolee kikombe hiki," ndipo akasema, "walakini, si kama nitakavyo mimi, bali utakavyo wewe." Sisi tumejifunza kurukia hiyo sehemu ya pili kwa sababu inapendeza. Tunasema "mapenzi yako yatimizwe" huku kikombe tumekificha mgongoni. Mpe kwanza kikombe, baba. Kama ni kodi ya chumba cha saluni, sema kodi. Kama ni yule binti uliyemtaja mara moja kisha ukabadilisha mazungumzo, mtaje.

Bibi yako, mama yangu, hakujua kusali kwa Kiswahili cha kanisani. Alikuwa anasali jikoni akichochea moto, kwa Kichaga, kama mtu anayeongea na jirani aliyekaa upande wa pili wa mafiga. Anataja watoto mmoja mmoja, akifika kwa aliyemkosea anasimama kidogo, anapumua, ndipo anaendelea. Anamwambia Ruwa ng'ombe kapunguza maziwa. Anamwambia ulezi umepanda bei. Nilipokuwa kijana niliona ni maombi ya mtu asiyesoma. Leo nikipata dakika kumi za kusali kama yeye, nashukuru.

Kuna habari nyingine nataka uijue kwa sababu ya kazi yako. Martin Luther, yule mwanamatengenezo wa kanisa, alikuwa na kinyozi wake huko Wittenberg, Ujerumani, jina lake Peter; kinyozi huyo akamuuliza mtu asali vipi. Luther hakumdharau kwa kuwa ni kinyozi. Mwaka 1535 alimwandikia jibu refu, likachapwa. Alimweleza yeye mwenyewe anavyofanya akiona moyo umepoa: anachukua Zaburi anaingia chumbani, au anakwenda kanisani walipo watu, anaanza kujisemea Amri Kumi, ungamo la Imani, na maneno ya Kristo, kama mtoto anayekariri, mpaka moyo upate joto. Kisha anachukua Sala ya Bwana kipande kwa kipande, na kila kipande anakisema kwa maneno yake. Na akimjia wazo jema katikati, anayaacha maneno mengine yote, ananyamaza asikilize. Halafu akampa mfano wa kazi yake mwenyewe. Kinyozi mzuri, alisema, macho na akili yake viko kwenye wembe na nywele. Akianza kupiga soga na kutazama huku na huku, atamkata mtu mdomo au pua, hata koo. Wewe unajua hilo kuliko mimi. Nimekuona ukishika wembe nyuma ya shingo ya mzee, ukanyamaza katikati ya neno. Nilipokuona siku ile nilitamani mimi nami ningekuwa najua kunyamaza vile mbele za Mungu.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema sala ya kukariri ni unafiki. Siku ambayo huna neno, azima. Soma Zaburi ya 13, "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Soma ya 88, ambayo inaishia gizani na haikupewa mstari wa kufariji mwishoni, na bado imewekwa katika Biblia. Kama Mungu aliruhusu hiyo ikae humo, ataivumilia na ya kwako. Paulo aliwaandikia Warumi kwamba hatujui kuomba jinsi itupasavyo, na Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Mtume ndiye aliyesema "hatujui." Hakujitoa katika hao wasiojua.

Jambo moja la mwisho, la mama yako. Alipolazwa mwaka ule wa upasuaji, walikuja wengi kumwombea, na wengi walimtangazia kwamba amepona. Aliitikia Amina kwa heshima. Walipoondoka akanishika mkono akasema, "Baba, mimi sijalala siku tatu. Niombee usingizi tu." Nilitaka kuanza na Mfalme wa wafalme, ulimi ukakataa. Nikasema, "Bwana, mpe usingizi." Tukakaa. Sikumbuki kama usiku ule alilala. Nakumbuka kwamba hakuuachia mkono wangu mpaka muuguzi alipokuja kutuambia muda wa kuona wagonjwa umekwisha.

Ukirudishiwa zamu ya kuongoza, waambie wenzako ukweli, kwamba utasema machache. Ukishindwa kabisa, waombe mseme Sala ya Bwana pamoja, polepole, ukae chini. Na usiku huu, kabla hujazima taa, jaribu sentensi moja tu. Mimi nitakuwa nje kwa ng'ombe saa nne, nitakutaja.

Kijana wa jirani anakuja Arusha kesho, nimempa mkungu wa ndizi mchare na maharage kidogo. Mkungu ameukata baba yako mkubwa kwake, maana wangu bado haujakomaa. Anasema ukija Krismasi umnyoe kwanza yeye.

Ni mimi baba yako